Magitaa Manne, Mikono Miwili

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi moja Tabata, mzee mmoja aliinuka kwenye meza za upande wa bwana harusi akaja kuzunguka nyuma ya spika zangu. Akachungulia, akarudi mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hivi mwanangu, wenzako wamekaa wapi?" Nikamwambia niko peke yangu. Hakuridhika mpaka nilipomwonyesha kile kidude ninachokikanyaga kwa mguu, ambacho kinanasa ninachopiga na kukirudia bila kuchoka huku mimi naongeza kingine juu yake. Sisi tunakiita lupu.

Masikio yake yalikuwa sahihi. Alisikia magitaa manne na kweli yalikuwa manne. Lakini lupu kila mtu anaweza kununua, na wapo vijana wengi wanaonunua halafu baada ya dakika tatu muziki wao unakuwa uji. Wanafunzi wangu wananiuliza siri ni nini. Jibu nimelipata kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam wa miaka ya themanini, muziki niliouweka moyoni kabla sijajua kuandika jina langu, na leo nalieleza kwa urefu.

Kwanza nilivyoupata. Nimezaliwa Tanga mwaka 1981. Huku bara televisheni hatukuwa nayo, tuliiona 1994. Kituo cha redio kilikuwa kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kama tulivyozoea kuiita. Bendi ilikuwa inaingia studio za RTD, inarekodi nyimbo zake, mkanda unabaki palepale na wimbo unaanza kupigwa hewani. Kiwanda cha santuri nchini hakikuwepo. Santuri zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa tangu 1977 hadi 1983. Ndiyo maana watu wa rika la baba waliimba kwa kichwa nyimbo ambazo hawakuwahi kuzinunua popote.

Baba alikuwa na redio ya betri na kinasa sauti alichoazima kwa shemeji yake. Wimbo ukianza, anakisogeza mbele ya spika na kutuinulia kidole: kimya. Kwenye kaseti moja, katikati ya solo ya gitaa, anasikika mama akiita kutoka uani tukachukue ndoo. Miaka mingi baadaye nikaja kuusikia wimbo ule ukiwa safi, na nilipofika pale nikajikuta nasubiri sauti ya mama. Haikuja. Kaseti ile ninayo mpaka leo, na sijawahi kumkubalia mtu yeyote aisafishe.

Sasa tuingie jikoni.

Bendi ya dansi ya wakati ule, chukua Mlimani Park, Msondo, Maquis au Vijana Jazz, kwa kawaida ilikuwa na magitaa manne: solo, solo ya pili, ridhimu na besi. Nyuma yake kuna dramu na tumba, kuna wapuliza tarumbeta na saksafoni, na mbele wanasimama waimbaji watatu au wanne. Msikilizaji wa kawaida anasikia solo tu, kwa kuwa ndiyo iko juu na ndiyo inayong'aa. Mimi nilidanganyika hivyo hivyo kwa miaka mingi. Nilijifunza solo zote nilizoweza, na bado nikipiga wimbo haufanani.

Sikiliza ridhimu. Inapita chini, kodi zile zile tatu au nne, yaani noti kadhaa zinazoshikwa kwa pamoja, lakini haipigwi kwa kushusha mkono kwenye nyuzi zote kama mtu anayepangusa vumbi. Inachambuliwa, nyuzi mbili mbili, kwa mpangilio unaojirudia kila baada ya mapigo manne. Solo ya pili inakaa katikati. Kazi yake ni kipande kifupi, pengine noti sita au nane, kinachoingia mahali ambapo ridhimu imenyanyua mkono. Hizo mbili zikishikana vizuri huwezi kujua noti ipi imetoka kwa nani. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka, na mchele hauna habari. Halafu besi. Besi ya dansi ina matundu. Inapiga noti mbili tatu, inanyamaza, inaruka pigo ambalo ulidhani lazima ilipige, halafu inarudi pale ambapo mguu wako ulishaanza kusogea. Ukijaza matundu hayo umeua wimbo, na hakuna solo duniani itakayoufufua.

Solo ndiyo ya mwisho, na hata yenyewe inajua kusubiri. Mwimbaji akiwa anasimulia, solo inanong'ona. Akivuta pumzi, inamjibu, mara nyingi kwa noti mbili zinazotembea pamoja juu na chini ya nyuzi, kama watu walioshikana mikono. Sikiliza Abel Balthazar au Said Mabera utanielewa. Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12 alikuwa na mng'ao wake mwingine kabisa, ninaoutafuta hadi leo kwenye gitaa la nyuzi sita na siupati.

Wimbo wenyewe ulikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya hadithi. Mwendo ni wa taratibu na mashairi yamepangwa: mke ameondoka, ndugu wamegombania mali, rafiki amesaliti, mzazi ameandika barua. Watu wanacheza wameshikana na wanasikiliza maneno. Kisha bila kuaga, dramu inapiga hodi na mnaingia nyumba ya pili, chemko. Hapo maneno yanapungua, kiitikio kinarudiwa, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa kupokezana na magitaa, na watu wanaachiana mikono ili kila mmoja acheze mtindo wa bendi. Mtindo ulikuwa jambo zito. Mlimani Park walikuwa Sikinde, Maquis walikuwa na Ogelea Piga Mbizi, na jina la mtindo wa Msondo likawa ndilo jina la bendi. Mtu alijitambulisha kwa mtindo kama leo anavyojitambulisha kwa Simba au Yanga.

Kinachonivutia ni kwamba huko duniani miaka hiyo hiyo upepo ulikuwa unavuma kwingine. Yamaha walitoa kinanda chao cha DX7 mwaka 1983, na katika nchi nyingi mashine zikaanza kuchukua nafasi ya watu jukwaani. Dar es Salaam mwaka huo ilikuwa na uhaba wa kila kitu, sabuni, sukari, hadi nyuzi za gitaa, na bado bendi zilipanda jukwaani zikiwa na watu zaidi ya kumi wanaopiga kwa mikono na kupuliza kwa midomo. Mzee mmoja aliyepiga ridhimu enzi hizo alinieleza jinsi walivyokuwa wakichemsha nyuzi zilizochoka ili zipate sauti tena, na uzi ukikatika karibu na ufunguo waliunga fundo na kuendelea. Nikimsikiliza kwenye rekodi najua kabisa sauti ile tamu ilitoka kwenye uzi uliochemshwa.

Mzee huyo ni sehemu ya kazi niliyoianza miaka minne iliyopita. Ninawatembelea wapiga magitaa wa zamani nyumbani kwao, Temeke, Mbagala, Magomeni, wengine Morogoro, na kurekodi picha za vidole vyao. Sura hazinihusu sana, na hadithi za sifa wengine wanazirekodi vizuri. Mimi nataka mkono wa kushoto. Rekodi za RTD zinatupa sauti, lakini hazikuonyeshi kwamba kodi ile ilishikwa kwa vidole viwili tu, au kwamba kidole gumba kilipitishwa juu ya shingo ya gitaa kukamata uzi mnene wa sauti ya chini. Nimekuta wazee ambao vidole vimekakamaa, akishika gitaa anaumia, lakini anakataa kuliachia. Tunapiga polepole. Anaponisahihisha hanielezi, ananisogeza kidole. Nina saa nyingi za kazi hii kwenye diski mbili, moja kwangu na nyingine kwa dada yangu Tanga, na sitaiuza.

Ni wao walionifundisha kitu kilichoniponya uji kwenye lupu. Nilipoanza, kila tabaka nililorekodi nililijaza kana kwamba ndilo pekee. Nikamsikilizisha mzee wangu wa Mbagala. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Huyu anaongea saa ngapi na huyu saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza upya.

Sasa ninafanya hivi. Ninaanza na ridhimu, mapigo manane tu, na ninaacha nafasi kwa makusudi ingawa inasikika pungufu. Inauma, kwa sababu watu wanakutazama na unawapigia kitu chenye mapengo. Kisha besi, kwa kutumia kifaa kinachoshusha sauti ya gitaa oktava moja. Naipiga mara chache kuliko mkono unavyotaka. Kisha solo ya pili kwenye yale mapengo, kwa sauti ndogo kuliko ridhimu. Hapo ndipo watu huinua vichwa. Solo siirekodi kamwe. Hiyo napiga moja kwa moja, kwa sababu lazima imjibu mwimbaji, na mwimbaji ni mimi, na kila siku naimba tofauti. Kuingia kwenye chemko nazima kila kitu kwa pigo moja, halafu narudisha ridhimu nyingine niliyoiandaa, fupi zaidi na yenye haraka. Lile pigo moja la ukimya ndilo linalowasimamisha watu kwenye viti.

Wengi wanadhani msanii wa kujitegemea ni mtu huru kuliko wale wa bendi. Ni kweli nusu. Wanamuziki wa themanini wengi walikuwa waajiriwa: Msondo ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana wa CCM. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na ukiacha kazi unaliacha gitaa. Ndiyo maana uhamisho ulitikisa mji. Mwaka 1985 mwimbaji Muhiddin Gurumo, Abel Balthazar na wenzao walipotoka Mlimani Park kwenda bendi ya Safari Sound, mashabiki waligawanyika hadi ndani ya familia. Baba yangu alikwenda na Gurumo. Baba mdogo alibaki Sikinde, na mjadala huo haukuisha hadi walipozeeka.

Mimi gitaa ni langu. Mshahara sina. Wiki yangu ni wanafunzi Jumatatu hadi Jumatano, hoteli Alhamisi na Ijumaa, harusi au sendofu Jumamosi. Malipo ya awali nachukua kabla sijabeba spika, tangu sehemu moja iliponipigisha miezi miwili nikaishia kuambiwa mhasibu yuko safari. Niliumia sana wakati huo, kwa sababu kodi ya nyumba ilitegemea kazi ile. Namwambia kila kijana: andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja.

Hakimiliki nayo si ya kupuuza. COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ilizaliwa na sheria ya mwaka 1999, wakati nyimbo ninazozipenda zilishapigwa hewani miaka kumi na zaidi. Nikitaka kurekodi wimbo wa zamani, mbali na taratibu za ofisi naitafuta familia ya mtunzi. Naketi nao, nawapigia wimbo wa baba yao sebuleni, tunakubaliana. Mara mbili nimekataliwa, na nyimbo hizo sizipigi.

Kazi iliyo mezani sasa ni nyimbo sita zangu mwenyewe, mpya, zilizojengwa kwa nyumba zile mbili. Wa kwanza una dakika nane na nusu. Nimeshauriwa niukate uwe dakika tatu ili upate nafasi redioni, na nimekataa, maana hadithi ya dakika ya nne ndiyo inayoifanya chemko iwe na maana. Magitaa yamekamilika. Kilichobaki ni tarumbeta na saksafoni. Nilijaribu kuziweka kwa kinanda, zikasikika kama picha ya chakula, nikazifuta. Nataka watu wawili wenye mapafu. Kwenye chemko kuna mapigo kumi na sita ambayo hawatapuliza kitu, watasimama tu na vyombo mikononi, halafu wataingia pamoja. Kama uko Dar, unapuliza, na unaweza kuyasubiri hayo mapigo kumi na sita, niandikie.