Kinachomwinua Mwenyeji Kumtetea Mgeni

Katika fani yangu ya saikolojia ya jamii, swali ninalokutana nalo mara nyingi ni kwa nini raia mwenye haki zake zote aache shughuli zake ili amsaidie mhamiaji. Wengi hujibu upesi kwamba ni huruma. Huruma ipo, lakini haikai: picha ya Alan Kurdi, mtoto mkimbizi wa Syria aliyekufa maji, ilipoenea Septemba 2015, michango iliyofika Msalaba Mwekundu wa Sweden kwa ajili ya wakimbizi wa Syria ilipanda ghafla, na wiki chache baadaye ikapoa.

Wengine husema mwenyeji akimwona mgeni kwa macho yake, moyo utalainika. Utafiti uliofanywa na Dominik Hangartner na wenzake katika visiwa vya Ugiriki ulionyesha kinyume, kwani wakazi wa visiwa vilivyo karibu na pwani ya Uturuki, walikofikia wakimbizi wengi, walikuwa wakali zaidi kuliko wenzao wa visiwa vya mbali kidogo. Mashua zinazofika usiku na kuondoka asubuhi hazimpi mtu nafasi ya kujuana na yeyote.

Mimi huvutiwa zaidi na kazi ya Elias Dinas, Vasiliki Fouka na Alain Schläpfer. Mwaka 1923, Mkataba wa Lausanne ulithibitisha mabadilishano ya lazima ya watu baina ya Ugiriki na Uturuki, na Wakristo wapatao milioni 1.2 wa Asia Ndogo, yaani eneo la Uturuki ya leo, wakaishia Ugiriki, ambako waliitwa "mbegu za Waturuki" na watu wa dini yao wenyewe. Watafiti hao waliwakumbusha baadhi ya Wagiriki wa leo jinsi yaliyowapata wakimbizi wa zamani yanavyofanana na yanayowapata Wasyria. Wajukuu wa waliohamishwa, baada ya kukumbushwa, walichanga fedha zaidi na kuonyesha huruma kubwa zaidi kuliko wajukuu wenzao ambao hawakukumbushwa.

Hapa ndipo penye uzito: nasaba peke yake haikutosha, bali kumbukumbu ilibidi iamshwe na kuunganishwa na mgeni aliyepo sasa. Tena haikukaa katika damu tu, kwa sababu hata wasio na babu mkimbizi, wanaoishi mahali walipowekwa wakimbizi wengi zamani, waliitikia vivyo hivyo. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kumuuliza mtu anawaonaje wahamiaji, humuuliza kwanza kijiji chake kilianzishwa na nani.