Halmashauri Ikifutwa, Deni Halifutwi

Tangu barua za muungano wa halmashauri zianze kufika majumbani, dirishani kwetu, katika ofisi ya halmashauri ya wilaya, swali ni lile lile kwa sura kumi: "Kama halmashauri yenu inavunjwa, kodi ya halmashauri (council tax) mimi namlipa nani?" Wengi huuliza kwa nia njema. Wachache, tusifichane, walishaacha kulipa na wanasubiri mazishi. Makala hii ni kwa ndugu wakazi wa Surrey wanaosoma Kiswahili, ingawa mengi yake yatawafaa na walioko kaunti nyingine, maana mnamo Februari 2025 serikali ya Uingereza iliyaandikia maeneo 21 yenye halmashauri za ngazi mbili, kaunti na wilaya, kuyataka yapeleke mapendekezo ya kuziunganisha.

Surrey ndiyo iliyotangulia. Tarehe 1 Aprili 2027 halmashauri ya kaunti pamoja na zile 11 za wilaya zinaondoka kwa mpigo, na mahali pa hizo 12 zinabaki mbili tu. West Surrey inachukua Guildford, Woking, Waverley, Runnymede, Spelthorne na Surrey Heath. East Surrey inachukua Elmbridge, Epsom and Ewell, Mole Valley, Reigate and Banstead na Tandridge. Serikali ilitaja idadi ya watu 500,000 au zaidi kwa kila halmashauri mpya, lakini huo ni mwongozo, si msumeno.

Maana yake kwa mkazi ni kwamba mgawanyo tuliourithi tangu 1974 unakwisha. Hadi sasa mtoto akikosa shule unakwenda kaunti, pipa la taka lisipobebwa unakuja wilayani. Shimo la barabarani ni la kaunti, kibali cha ujenzi ni cha wilaya. Wale mnaofanya kazi ya kutunza wazee mnajua kuwa bajeti ya matunzo iko kaunti ilhali nyumba ya mzee huyo huyo inashughulikiwa na wilaya. Kuanzia siku ya makabidhiano, yote yatakuwa chini ya paa moja.

Sasa deni. Sheria ya mwaka 2007 inayosimamia mabadiliko haya, pamoja na kanuni zake, huhamisha mali, haki, mikataba na madeni yote kwa halmashauri mpya. Yote ni yote: majengo tunayomiliki, pesa tunazodaiwa na pesa tunazodai, ikiwamo kodi ya halmashauri uliyoiacha mwaka juzi. Woking ni mfano ulio wazi. Juni 2023 halmashauri hiyo ilitoa tangazo rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, baada ya kukopa mno kwa ajili ya miradi ya majengo. Deni lile, la takriban pauni bilioni mbili, halikufa kwa tangazo, wala halitakufa kwa muungano. Serikali kuu imeahidi kubeba pauni milioni 500, na linalobaki linaingia West Surrey. Kama ni haki mkazi wa Guildford kulibeba, hilo ni swali la kisiasa na ofisi za watendaji hazina kauli. Ila kama deni la mabilioni linahama na mwenye nalo, la kwako la pauni mia nane litabakia wapi?

Asiyelipa huandikiwa barua ya ukumbusho. Akinyamaza, hupoteza haki ya kulipa kwa awamu na hudaiwa kodi ya mwaka mzima kwa pamoja. Kisha huja samansi ya mahakama yenye gharama zake juu. Mahakama ikithibitisha deni, halmashauri inaweza kumwagiza mwajiri akate kwenye mshahara, kukata kwenye posho za serikali, au kukabidhi deni kwa madalali wa mahakama, ambao nao wana ada zao. Hatua yoyote kati ya hizi ikianza Machi 2027, itaendelea Aprili kwa jina la halmashauri mpya, pale pale ilipoishia. Haianzi upya. Mwenye shida ya kweli apige simu kabla ya samansi, kwa sababu kabla ya samansi tunaweza kupanga naye. Baada yake mkono wetu unakuwa mfupi.

Jambo jingine dogo linalotuchosha: punguzo la asilimia 25 kwa anayeishi peke yake. Mwenzako akihamia, tujulishe, hata kama unadhani "mafaili yatapotea wakati wa kuhamisha". Hayatapotea. Adhabu ya kutotujulisha ni pauni 70, na ukirudia baada ya kuombwa taarifa ni pauni 280, mbali na punguzo lenyewe kurudishwa lote.

Je, kodi itapanda? Kila wilaya ina kiwango chake leo, na halmashauri mpya italazimika kuvilinganisha. Kanuni zinairuhusu kufanya hivyo polepole, hadi miaka saba. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu bajeti hupitishwa na madiwani.

Nao madiwani huchaguliwa, na hapa ndipo Waswahili wengi wanajikata wenyewe. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza ana haki ya kupiga kura, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Hata mwanafunzi. Raia wa Burundi, Kongo au Oman hana haki hiyo isipokuwa awe na uraia mwingine unaostahili. Uchaguzi wa kwanza uliwekwa tarehe 7 Mei 2026, karibu mwaka mzima kabla ya makabidhiano, ili madiwani wakae kama halmashauri kivuli na kuandaa kazi. Waliodhani hiyo ni kura ya majaribio walikosea: hao ndio wanaopanga bajeti ya kwanza.

Kujiandikisha katika daftari si hiari ya moyo. Ukialikwa na kutakiwa kujiandikisha, ukapuuza, unaweza kutozwa pauni 80. Kukataa kutoa taarifa za waliomo nyumbani kunaweza kufikia faini ya pauni 1,000. Kituoni unahitaji kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura ni yako. Mwenye makazi mawili, tuseme Woking na Guildford, aliweza kupiga kura ya wilaya katika zote mbili. Sasa zikiwa halmashauri moja, kura ni moja. Ya pili ni kosa la jinai.

Wenye teksi, leseni yako inaendelea mpaka tarehe iliyoandikwa, na dereva wa teksi ya kusimamishwa barabarani atabaki katika eneo lake la zamani mpaka halmashauri mpya iamue vingine. Waliopo kwenye foleni ya nyumba, msiombe upya.

Wengine hulinganisha na nyumbani, na si vibaya. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa jiji, hakuna aliyeamka akakuta kiwanja chake kimehama. Kenya ilizifuta halmashauri 175 mwaka 2013, na kaunti 47 zikarithi madeni.

Mwenye barua asiyoielewa aje nayo dirishani, barua yenyewe, kurasa zote. Picha ya nusu ukurasa iliyotumwa na shemeji kwenye WhatsApp haitusaidii.