Je, wajua kwa nini mwili wa mama unaweza kuikataa figo ya mwanawe wa kumzaa?

Mama wa Tanga figo zake zimekwisha, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mwanawe wa kwanza anajitokeza kumpa figo moja. Wote wawili ni kundi O. Ukoo mzima unashusha pumzi: mtoto ametoka tumboni mwake, makundi ya damu yanafanana, nini tena? Kisha majibu ya maabara yanakuja kwamba figo ya kijana huyu haimfai mama. Figo hiyohiyo huenda ingemfaa baba yake vizuri tu. Inakuwaje?

Kundi la damu limepewa uzito usio wake. Ni kweli kwamba halikwepeki, kwa sababu alama za A na B haziko kwenye chembe nyekundu peke yake. Zimo pia kwenye kuta za mishipa ya damu ndani ya figo. Lakini makundi hayahitaji kuwa sawa, yanahitaji kupatana. Mwenye O humpa yeyote, mwenye AB hupokea kwa yeyote. Ile chanya na hasi inayowasumbua wajawazito na benki za damu haina kazi kabisa kwenye figo, maana alama ya Rh hukaa kwenye chembe nyekundu tu. Makundi yakishapatana, kipimo hicho kimemaliza kazi yake. Hakisemi lolote kuhusu alama nyingine ziitwazo HLA, ambazo chembe nyekundu karibu hazina, ilhali karibu kila seli nyingine ya mwili inazo.

Ili kuelewa HLA, chukua soko la samaki la Deep Sea, Tanga, asubuhi mashua zinapoingia. Tuseme kila mchuuzi analazimika kuweka juu ya sinia, mbele ya banda lake, kipande kidogo cha kila alicho nacho ndani. Bwana afya haingii bandani. Anapita akitazama masinia: kipande kikiwa cha kawaida anasonga mbele, kikiwa kibovu analifunga banda. Seli zako hufanya hivyo usiku na mchana. Kila moja hukata baadhi ya protini zake kuwa vipande vya asidi amino 8 hadi 10 hivi, huvipachika juu ya HLA na kuvitoa nje kwenye utando wake. Anayepita kutazama ni chembe nyeupe iitwayo seli T. Seli iliyoingiliwa na virusi itaonyesha vipande vya virusi, na itauawa.

Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, waliofanya kazi Canberra, Australia, walionyesha mwaka 1974 kwamba seli T haitazami kipande peke yake. Inatazama kipande na sinia, yaani HLA, kwa pamoja, kama kitu kimoja. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Bwana afya wetu amefunzwa tangu utotoni kwa masinia ya soko lake. Mpeleke soko lingine ambako masinia yana umbo jingine: samaki ni wazima, lakini kila banda linamwonyesha kitu asichokijua, naye anaanza kufunga. Ndiyo maana figo ya mtu mwingine huamsha seli T nyingi kupita zile zinazoamshwa na kirusi kimoja.

Saratani nayo hupitia humohumo. Baadhi ya uvimbe huacha kutengeneza beta-2 mikroglobulini, protini ndogo inayoishikilia HLA isisambaratike, na hapo seli T haina cha kutazama. Uvimbe mwingine huonyesha vipande kama kawaida, lakini hutoa protini ya PD-L1, ambayo huigusa PD-1 iliyo juu ya seli T na kuiamuru itulie. James Allison, aliyechunguza amri ya namna hiyo iitwayo CTLA-4, na Tasuku Honjo, aliyeigundua PD-1, walipata Nobel mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya kuzuia amri hizo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Mgonjwa aliyepandikizwa figo akipewa dawa za jamii hii, seli T zilizoachiwa kuushambulia uvimbe zinaweza kuigeukia figo pia. Kwa hiyo hatari ya kuipoteza figo huzungumzwa na mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza.

Turudi kwa mama na mwanawe. Jeni za HLA zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6, na kwa kawaida hurithiwa kama fungu moja zima. Kila mtoto huchukua fungu moja kwa mama na moja kwa baba. Hivyo mzazi na mtoto hulingana nusu, hawazidi hapo ila kwa bahati. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa, 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutolingana hata fungu moja. Ndugu wa mama mbalimbali, kwa upande wa kurithi, wanaweza kushirikiana fungu la baba tu. Ndoa za binamu, ambazo si ngeni pwani, huongeza kidogo nafasi ya watu wa ukoo kulingana. Nje ya ukoo mambo ni magumu: matoleo ya HLA yanayojulikana duniani yamepita 30,000, na Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi. Inadhaniwa magonjwa ndiyo yaliyosababisha utajiri huo. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 1991 ulihusisha HLA-B53 na kinga dhidi ya malaria kali kwa watoto, ingawa tafiti za baadaye hazikulipata jibu hilo kila mahali.

Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kwamba kutolingana ndiko kunakoiua figo. Sivyo. Dawa za kutuliza kinga, kwa kawaida takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, huzizuia seli T kiasi kwamba figo isiyolingana huishi miaka. Paul Terasaki na wenzake walichapisha mwaka 1995 takwimu za Marekani: figo zilizotolewa na mume au mke, watu wasio na nasaba, zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka mitatu kwa asilimia 85, na zile zilizotoka kwa wazazi kwa asilimia 82. Ndugu aliyelingana kabisa bado ni bora kuliko wote, lakini kulingana si sharti.

Kinachoiua figo upesi ni kingamwili, protini za kinga zinazoelea kwenye damu, zilizokwisha kutengenezwa dhidi ya HLA ya mtoaji. Mtu huzipata kwa njia kuu tatu: kuongezewa damu, kupandikizwa kiungo hapo awali, na kubeba mimba. Mtoto tumboni ana fungu la HLA la baba yake, ambalo kwa mama ni geni. Baadhi ya seli za mtoto huvuka kondo, hasa wakati wa kujifungua, na mwili wa mama unaweza kujifunza kuzipiga. Hilo halimdhuru mtoto, lakini kumbukumbu hubaki. Miaka ishirini na mitano baadaye kijana anapoleta figo yake, analeta fungu lilelile. Baba hana historia hiyo. Si kila mama hujenga kingamwili hizi, na wapo wengi waliopokea figo za watoto wao salama, ila kila mimba huongeza uwezekano.

Elimu yenyewe ya HLA ilianzia kwa akina mama hawa. Mwaka 1958 Jon van Rood, Uholanzi, na Rose Payne, Marekani, waligundua kila mmoja kwa upande wake kwamba damu ya wanawake waliozaa ina kingamwili zinazoshika chembe nyeupe za watu wengine. Mwaka huohuo Jean Dausset wa Ufaransa aliieleza alama ya kwanza ya jamii hiyo kutokana na wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi. Kwa miongo kadhaa baadaye, maabara za dunia zilitambua aina za tishu kwa kutumia seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, za akina mama waliozaa mara kadhaa. Sehemu kubwa ya sayansi hii ilijengwa juu ya uzazi wao, na inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa.

Kipimo kinachozifichua kingamwili hizo ni krosimechi. Limfositi hai za mtoaji, yaani chembe nyeupe za jamii ya seli T na seli B, hutengwa na damu kwa mashine ya kuzungusha, kisha mikrolita 1 yenye seli 2,000 hivi huwekwa kwenye kishimo pamoja na mikrolita 1 ya seramu ya mgonjwa, chini ya tone la mafuta ili visikauke. Baada ya nusu saa huongezwa komplimenti ya sungura, protini zinazotoboa seli yoyote iliyoshikwa na kingamwili. Ya sungura hutumika kwa sababu ni kali kwa seli za binadamu. Saa moja baadaye hutiwa rangi. Chini ya hadubini seli hai hung'aa, zilizotobolewa huingiwa na rangi na kuwa nyeusi. Seli za mtoaji zikifa, jibu ni chanya: mgonjwa ana kingamwili dhidi yake. Zikifa zaidi ya asilimia 80, hiyo ni alama 8, ya juu kabisa. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walionyesha uzito wake: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa licha ya krosimechi chanya, figo 24 zilikufa papo hapo, kati ya 195 wenye jibu hasi, ni 8 tu.

Kipimo hiki huharibika kirahisi. Komplimenti ikikaa nje ya friza kali hupoteza nguvu, na jibu hasi linalotoka ni la uongo. Seli zikifa kabla ya kipimo, huingiwa na rangi zenyewe na kuleta chanya ya uongo. Kwa hiyo damu ya mtoaji ikichukuliwa Tanga na kusafirishwa kilomita 350 hivi hadi Dar es Salaam, kichupa cha heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) chenye kifuniko cha kijani hakiwekwi kwenye barafu wala kuachwa kwenye gari lililoanikwa juani. Nyuzi joto 18 hadi 25, na kufika ndani ya saa 24, ndivyo vinavyozihifadhi limfositi. Kichupa cha EDTA, kizuia kuganda kingine, cha kifuniko cha zambarau, cha kupima jeni, huvumilia baridi. Kuvichanganya viwili hivi kwenye boksi moja la barafu ni kosa rahisi na la gharama. Ritaksimabu, dawa ya limfoma na baadhi ya magonjwa ya kinga, nayo hupotosha krosimechi ya seli B, kwa hiyo maabara iambiwe.

Tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, watoaji wamekuwa ndugu walio hai. Mama akipata jibu chanya kwa mtoto wa kwanza, wapimwe dada, kaka na watoto wengine: mtoto wa pili huenda amebeba fungu jingine la baba, ambalo mama hana kingamwili nalo. Kingamwili zinaweza pia kuchujwa kwa kubadilisha maji ya damu, njia ghali ambayo huenda isizimalize. Wakati wa kusubiri, upungufu wa damu utibiwe kwanza kwa sindano za erithropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu, na madini ya chuma pale inapowezekana, kwa sababu kila chupa ya damu inaweza kuleta kingamwili mpya. Ikibidi aongezewe, tarehe iandikwe, timu ya upandikizaji ijulishwe, na seramu mpya ichukuliwe baada ya wiki mbili hivi. Krosimechi ya miezi sita iliyopita haithibitishi lolote kuhusu kingamwili zilizozaliwa mwezi uliopita.