Kufuli ya klasta ni kitu gani, na kwa nini seva zikizidi kuandika kunazidi kuwa pole pole

Yakhe hili suala huja sana, mtu ana seva tatu zimeungwa kwenye diski moja, kaweka mfumo wa faili wa klasta kama OCFS2 au GFS2, kusoma kunakwenda vizuri ila zikianza kuandika zote kwa pamoja kazi inazorota mpaka seva moja peke yake ingewahi kumaliza. Hapo watu hulaumu diski. Mara nyingi masikini diski haina kosa, kinachokula muda ni kufuli.

Mfumo wa faili wa klasta ni hivi, seva kadhaa zinaiona diski ile ile na kila moja ina haki ya kuandika, sasa ili zisichafuliane pana mgawa kufuli, DLM, na seva ikitaka kuandika kwenye faili lazma kwanza ipewe kufuli ya faili hilo, kama anayo mwenzake basi aiachie. Na kuiachia si bure. Chukulia kituo cha kununulia karafuu Wete msimu umepamba moto, makarani watatu daftari moja, kila mmoja ana hesabu kichwani hajaziandika, akiombwa daftari lazma aziandike zote ndo alitoe, na anaelipokea asome upya kabla hajashika kalamu. Seva nazo hivo hivo: data iliyo kwenye memori inashushwa kwanza kwenye diski, kache (nakala ya faili aliyojiwekea kwenye memori) inatupwa, kufuli inapita kwenye netiweki, ndo mwengine anaanza.

Kwa hivo dawa kubwa ni kuzitenganisha. Kila seva iwe na faili zake na, hili wengi hawalijui, iwe na folda yake, maana kuunda faili jipya kunafunga folda nzima hata kama majina ni tofauti. Faili moja la logi linaloongezewa na seva zote ndo balaa lenyewe, kila mstari kufuli inahama.

Halafu weka chaguo la noatime wakati wa kumaunti (kuuunga mfumo wa faili kwenye seva), bila hivo hata kusoma kunaweza kuleta uandishi, wa muda faili lilipofunguliwa mwisho. Netiweki ya kufuli nayo, usiangalie upana sana, angalia ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi.

Lustre, mfumo mwengine wa faili wa klasta, wao wanafunga kipande cha faili, si faili zima, na wanaligawa kwenye diski za seva nyingi, ila mgawanyo upange kwa amri ya lfs setstripe kabla hujaandika, faili lililokwisha kuandikwa halibadiliki lenyewe.

OCFS2 ina na chaguo la kumaunti, coherency=buffered, linaruhusu seva kuandika pamoja kwa O_DIRECT (kuandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kache) bila kusubiriana, ila seva nyengine zinaweza kusoma data ya zamani. Hiyo waachie wenye databesi inayojipangia kufuli zake, kama unahifadhi video za harusi usiiguse.