Utafiti wa baada ya uzamivu katika fizikia ya nadharia ya maada laini: maana yake

Jina hili refu huwatisha watu bure. Lifungue kwa kuanzia kwenye maneno mawili, "maada laini", na mengine yatafuata yenyewe.

Chukua mpira mwembamba wa kufungia makaratasi. Ugusishe kwenye mdomo wa juu, kisha uuvute kwa ghafla. Utausikia umepata joto. Uushikilie hivyo hivyo kwa sekunde kadhaa mpaka joto lile liishe, halafu uulegeze: sasa ni wa baridi. Kiini cha fani nzima kimo katika ubaridi ule mdogo. Mpira umeundwa kwa molekuli ndefu kama minyororo, kila moja ina maelfu ya viungo, na joto haliachi kuitikisa. Mnyororo uliojikunja una njia nyingi mno za kukaa; ulionyooka una chache. Wingi huo wa njia ndio unaopimwa kwa entropia. Unapovuta mpira unaipunguzia minyororo njia zake, na nguvu unayoisikia vidoleni inatoka hasa hapo, kuliko kwenye atomu kuvutana. Ndiyo maana mpira uliotundikiwa uzito hufupika ukipashwa joto, ilhali waya wa chuma hurefuka.

Basi maada laini ni vitu ambavyo mtikisiko wa kawaida wa joto unatosha kuvipa umbo na tabia: polima, yaani molekuli za minyororo kama hizo za mpira, povu, jeli, rangi ya ukutani, maziwa, utando wa seli. Kwenye joto la chumbani mtikisiko huo una nishati ya takriban 4 × 10⁻²¹ jouli. Kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni ndani ya almasi kina zaidi ya mara 100 ya hiyo, kwa hiyo almasi haijali. Ukubwa wa vipande nao una sehemu yake. Ukijenga kitu kwa vipande vyenye upana mara 10, huku nishati inayoviunganisha ikibaki ile ile, ugumu wake unashuka mara 1,000. Kitu cha namna hiyo unakibonyeza kwa kidole.

Fani yenyewe ni tawi la fizikia ya maada iliyosongamana, yaani yabisi na vimiminika, ambamo chembe zimekaribiana kiasi kwamba huwezi kuichunguza moja ukaziacha nyingine. Jina "maada laini" lilienea zaidi baada ya Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes kulifanya kichwa cha hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1991.

Kuhusu neno "nadharia", watu hudhani ni kukaa na milinganyo mbali na vitu halisi. Ninaloliona mimi ni kwamba kazi kubwa ya mwananadharia ni kuamua nini cha kuacha. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Lars Onsager, mwaka 1949. Alijiuliza kwa nini vijiti vidogo vilivyomo majimaji, vikizidi wingi fulani, hujipanga vyote kuelekea upande mmoja. Akaacha kemia yote, akaacha mvutano, akabakiza umbo tu: vijiti vyembamba visivyoweza kupenyana. Hesabu ikaonyesha kwamba kujipanga kunatokea hata hivyo. Kijiti kinapoteza uhuru wa kugeuka, lakini kinapata nafasi zaidi ya kusogea, na msongamano ukiwa mkubwa faida inashinda hasara. Entropia, ambayo wengi wamefundishwa kuiita vurugu, hapa ndiyo inayoleta mpango. Mwaka 1957 uigaji kwa kompyuta ulionyesha jambo la jamii hiyo kwa tufe ngumu: bila kuvutana hata kidogo, zikijazana vya kutosha hujipanga kuwa fuwele.

Sasa hilo la "baada ya uzamivu". Ni kazi ya mkataba, mara nyingi ya miaka 2 au 3, anayoifanya mtu aliyekwisha pata shahada ya uzamivu. Si shahada nyingine. Mwishoni hakuna mtihani wala joho. Kwa kawaida huwa ndani ya kundi la profesa fulani, lakini tofauti yake na mwanafunzi ni kwamba anategemewa kuchagua maswali mwenyewe na kujua lipi linaweza kujibiwa ndani ya muda wa mkataba. Ni kipindi kigumu, kwa sababu huku anatafiti, huku anaomba nafasi ya kudumu, na nafasi hizo ni chache.

Siku yake inaonekanaje? Tuseme amerudi kwenye vijiti vya Onsager. Virusi vya mozaiki ya tumbaku ni vijiti halisi, vyenye urefu wa nanometa 300 na upana wa nanometa 18, na maabara zimevichunguza kwa miaka mingi. Hesabu ya Onsager ni sahihi kabisa pale tu kijiti kinapokuwa kirefu mno kulinganisha na upana wake. Hiki urefu wake ni kama mara 17 tu. Tena kina chaji ya umeme, kwa hiyo vijiti vinasukumana kabla ya kugusana. Mtafiti anaandika mlinganyo, anaendesha uigaji, anaweka michoro miwili juu ya kipimo cha maabara, na haikutani. Hapo anaanza kurudisha, kimoja kimoja, vile vilivyoachwa: kwanza ufupi, kisha chaji, mpaka mistari ikaribiane.