Jua halichaji mawe ya tochi

Katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda na Manyatta, si ajabu kukuta mawe ya tochi yameanikwa juu ya mabati, kwa imani ya miaka mingi kwamba jua huyarudishia moto yaliyoupoteza usiku. Imani hiyo haikuzuka bure, kwani jiwe lililoanikwa huwasha taa tena kwa muda, lakini linachofanya joto ni kuharakisha kemikali zilizosalia ndani, wala haliongezi chaji yoyote. Zinki ya kopo la jiwe lenyewe, ambayo ndiyo hasa inayoliwa jiwe linapotumika, hairudi. Ikishatoboka, utaona maji yenye chumvi yakitoka na kula springi za tochi. Hata kivulini jiwe lililopumzika hupata nafuu kidogo, jambo ambalo waanikaji, nadhani, hawajajaribu.

Kwa taa ndogo ya LED ya kumulika ujia usiku kucha, heri kupiga hesabu. Taa inayokula miliampia 20 (kipimo cha mkondo wa umeme) kwa saa 10 hutumia miliampia-saa 200, hivyo mawe madogo ya alkali, yaliyounganishwa kwa kufuatana na yenye takriban miliampia-saa 2,000 kila moja, yatadumu kama siku 10. LED nyeupe huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo jiwe moja la volti 1.5 halitoshi. Mwenye paneli ndogo ya sola atafaidika zaidi na betri ya lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo huchajiwa maelfu ya mara, mradi iwe na kidhibiti chaji chake na isilazwe kwenye mabati ya moto.