Ndama akihara katika wiki ya pili: maji kwanza, sindano baadaye

Ndama wa siku 5 hadi 14 akianza kuhara majimaji ya manjano, nashuku kwanza virusi vya rota, kisha korona ya ng'ombe. Akihara kabla ya siku ya 4, mara nyingi ni bakteria wa E. coli.

Rota huua seli zilizokomaa kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba, zile zinazomeng'enya sukari ya maziwa. Sukari hiyo ikibaki utumboni huvuta maji, na kuhara kunazidi. Korona ni kali zaidi kwa kuwa hushuka hadi utumbo mpana. Utumbo hujijenga upya ndani ya siku chache, mradi ndama awe hai. Kinachomuua ni kuishiwa maji na damu kuzidiwa asidi, na hapo sindano ya oksitetrasaiklini (antibiotiki, dawa ya bakteria) aliyozoea mfugaji haisaidii, maana haiui virusi.

Bana ngozi ya shingo, izungushe, achia. Ikikawia zaidi ya sekunde 2 kurudi na macho yameanza kuzama, amepoteza takriban asilimia 8 ya uzito wake. Kwa ndama wa kilo 40 hizo ni lita 3 na ushee, bado hujahesabu anazoendelea kuhara. Mpe lita 2 za maji ya chumvichumvi ya ndama (unga maalumu wa chumvi na sukari uliokorogwa kwenye maji), yakiwa vuguvugu, mara 2 au 3 kwa siku. Maziwa usimkatie, ndiyo nguvu yake, ila yaachanishe na maji hayo kwa saa 2, kwani bikaboneti (chumvi ya kupunguza asidi) iliyomo huzuia maziwa kuganda tumboni, na yanahitaji kuganda ili yameng'enywe vizuri. Asiyeweza kunyonya usimmiminie kwa chupa, yataingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo amtundikie dripu.

Kinga ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa: lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa. Saa 24 zikipita, kingamwili haziingii tena kwenye damu. Lakini rota hupigwa vita ndani ya utumbo wenyewe, kwa hiyo nashauri dang'a kidogo iendelee kuchanganywa kwenye maziwa kila siku hadi wiki 2. Ng'ombe aliyechanjwa miezi ya mwisho ya mimba hutoa dang'a bora, ila chanjo hiyo ni kazi bure kama ndama hakunywa dang'a hiyo.

Rota haina ganda la mafuta, hivyo huvumilia dawa nyingi za kuulia vijidudu, na dawa ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kwangua, sugua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani, ndipo unyunyize dawa. Wazima walishwe kwanza, mgonjwa mwisho, kwa ndoo yake.